Mtindo wako katika picha za mtaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara kwa wapiga picha za mtaani waliofika mahali ambapo picha zinatoka safi lakini hazina mwenyewe. Yanaanzia kwenye msingi na kuishia kwenye mambo ya pembeni. Mwenye haraka asome la 1, la 7 na la 13 kwanza.

## Msingi

1. Mtindo ni nini hasa? Si ni rangi na kontrasti?

Rangi ni sehemu ndogo, tena ndiyo inayoigwa kwa urahisi kuliko zote. Mtindo ni mazoea ya kuchagua: unasimama umbali gani na mtu, unatoka kupiga mwanga wa saa ngapi, unaacha nini nje ya fremu, na katika picha mia unabakiza ipi.

Jipime hivi. Chukua picha zako ishirini, ziondoe rangi, zipunguze ziwe ndogo kama stempu, uzipange pamoja. Ikiwa mtu bado anaweza kusema zimetoka mkono mmoja, mtindo upo. Ikiwa kilichoziunganisha kilikuwa ule ubuluu wa kwenye vivuli tu, basi hilo lilikuwa vazi, na kila mtu anaweza kulivaa.

Saul Leiter alipiga New York kupitia vioo vyenye ukungu na matone ya mvua, mara nyingi kwa lenzi ndefu, sehemu kubwa ya fremu ikiwa imezibwa na kitu cheusi au cha rangi moja. Bruce Gilden amepiga mji huohuo kwa lenzi pana na flashi mkononi, karibu na uso wa mtu hata vinyweleo vinaonekana. Mji ni ule ule. Kilichotofautiana ni maamuzi.

2. Itanichukua muda gani kuupata?

Ratiba haipo, ila kiasi cha kazi kinajulikana kidogo. Robert Frank alipozunguka Marekani mwaka 1955 na 1956 alitumia mikanda 767 ya filamu, zaidi ya fremu 27,000, na kitabu kilichotoka humo kina picha 83. Hiyo haifiki picha moja katika kila mia tatu. Kwa hiyo ukirudi nyumbani mara nne mfululizo bila picha ya kubakiza, hujaharibikiwa.

Anayelalamika kwamba hana mtindo mara nyingi amepiga sana, lakini kidogo kidogo katika mambo kumi: leo vivuli, kesho nyuso, keshokutwa madirisha. Jambo moja halijapata nafasi ya kumchosha, na ni baada ya kuchoka ndipo macho huanza kuona yasiyo dhahiri.

3. Nikimwiga mpiga picha ninayempenda, sitapotea?

Iga, ila iga uamuzi wake, uiache sura. Fan Ho alipiga Hong Kong ya miaka ya 1950 na 1960 akilielekea jua, akitumia moshi na vumbi kuonyesha mwale. Anayeiga sura ataongeza moshi kwenye kompyuta. Anayeiga uamuzi atatafuta mahali ambapo jua linapenya likiwa chini kati ya majengo mawili, atasimama kivulini akilikabili, na kusubiri mtu apite katikati.

Chukua mmoja kwa wiki tatu, usichanganye. Mwishoni jiulize kilichokukera. Labda umechoka kuona watu kama vivuli vyeusi visivyo na uso. Basi umejua kwamba nyuso ni zako. Labda kusubiri kulikuua kwa uchovu. Basi wewe ni wa kutembea. Kero hizo zina taarifa nyingi kuliko pongezi.

## Vifaa na mipangilio

4. Nitumie lenzi gani?

Moja, isiyovuta, kwa miezi sita. Lenzi ndiyo inayoamua utasimama wapi, na mahali unaposimama ndipo mtindo unapoanzia. Kwa kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, ukiishika mlalo na kutaka mtu mzima aenee kutoka kichwani hadi miguuni, lenzi ya milimita 28 itakuweka mita 2 kutoka kwake, ya 35 mita 2.5, na ya 50 kama mita 3.6. Mita hizo mbili na zile tatu na nusu ni mahusiano tofauti kabisa: katika ya kwanza anajua upo, katika ya pili huenda hajakuona.

Kwenye sensa ndogo ya APS-C gawanya kwa 1.5, yaani lenzi ya 23 itafanya kazi ya 35. Ukishindwa kuamua, anza na 35. Lenzi ya kuvuta si dhambi, ila inakufanya uamue umbali upya kwa kila picha, na ndiyo maana kazi ya mwaka mzima inaweza kuonekana ya watu watano.

5. Simu inatosha?

Inatosha. Kamera kuu ya simu nyingi ina upana unaolingana na lenzi ya 24 hadi 28, kwa hiyo itakulazimisha kusogea. Tatizo lake kubwa ni ukarimu: programu yake huinua vivuli na kutuliza sehemu zenye mwanga mkali, na kivuli ulichokitaka kiwe cheusi kinarudi kikiwa kijivu. Gusa sehemu yenye mwanga, shikilia mpaka ifunge, kisha teremsha mwangaza kwa kidole. Kama simu inaruhusu faili la RAW, yaani picha ambayo programu haijaigusa, liwashe. Fyatua kwa kitufe cha sauti, kwa sababu kidole juu ya kioo hutikisa simu. Na usivute kwa vidole, tembea.

6. Nianze na mipangilio gani?

Mchana: f/8 (tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kasi 1/500 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe lakini isizidi 6400. Kwa 1/250 mwili wa anayetembea utatulia, ila mguu wake unaopita mbele yako kwa karibu utafifia. Usiku chini ya taa za maduka: f/2, 1/125, ISO 3200 hadi 6400. Chenga, zile punje punje kwenye picha, zitakuwepo, na hazijaua picha ya mtaani hata siku moja; kutikisika kumeua nyingi.

Kinachowaangusha wengi ni jua kali penye kivuli kizito. Kamera inaona ukuta mweusi, inafungua mwanga, na mtu aliye juani anaungua akawa karatasi nyeupe. Achana na upimaji wa kamera, ufunge mwenyewe: jua kamili, ISO 400, f/8, 1/1600. Kila kilicho juani kitatoka sawa, na kivuli kitajizamia chenyewe.

7. Fokasi ya kukadiria inafanyaje kazi, na kwa nini inasifiwa hivyo?

Unaiweka fokasi umbali mmoja mapema, unaacha kina cha picha (eneo la mbele na nyuma ya umbali huo linalotoka safi) kikufunike, na kitufe kikibonyezwa kamera haina cha kutafuta. Kwa lenzi ya 28 kwenye f/8, ukiweka mita 2, kila kitu kuanzia kama mita 1.2 hadi mita 5 kitakuwa safi. Kwa 35 kwenye f/8, weka mita 2.5: utapata mita 1.7 hadi karibu 5. Kwa 50 ukiweka mita 3, unabaki na kati ya 2.3 na 4.2 tu, ndiyo maana wenye 50 wengi hurudi kwenye fokasi ya kamera.

Zima fokasi ya kujiendesha, weka umbali, kisha jifunze umbali huo kwa mwili. Mtu mzima akilala chini na kunyoosha mkono juu ya kichwa anakaribia mita 2 na robo. Kadiria umbali wa nguzo, mlango, mtu aliyeketi, halafu uhakikishe kwa lenzi. Baada ya wiki moja hivi utaanza kusimama mahali sahihi bila kuhesabu, na umbali huo utakuwa sehemu ya picha zako zote.

Inaharibika kwa njia mbili. Mwanga unapungua, unafungua hadi f/2.8, na unasahau kwamba kina kimepungua pia. Nyingine ni ya lenzi ambazo fokasi yake huendeshwa kwa umeme: baadhi husahau umbali kamera ikizimwa au ikilala. Angalia namba kila unapoiwasha.

8. Rangi, au nyeusi na nyeupe?

Amua kabla ya kutoka mlangoni, usiamue kwenye kompyuta. Anayepiga kwa rangi anatafuta nyekundu inayogombana na kijani. Asiyepiga kwa rangi anatafuta ukingo kati ya mwanga na giza. Ni macho mawili. Picha iliyoondolewa rangi kwa sababu haikufaa huonekana hivyo hivyo: haikufaa, na sasa ni ya kijivu.

Weka kioo cha kamera kionyeshe nyeusi na nyeupe huku faili likihifadhiwa kwa RAW, rangi hazipotei. Kuhama baadaye si usaliti. Alex Webb, anayejulikana leo kwa rangi kali na vivuli vizito, alianza kwa nyeusi na nyeupe na kuhamia kwenye rangi mwishoni mwa miaka ya 1970.

## Ukiwa mtaani

9. Naogopa kusogea karibu na watu. Nifanyeje?

Woga huu unaonekana kwenye picha, na una sura: migongo. Ukikuta kazi yako imejaa watu wanaoondoka, si mtindo, ni woga.

Acha watu waje kwako badala ya wewe kuwafuata. Simama penye msongamano, kivukoni au mlangoni pa soko, kamera ikiwa tayari usoni kabla hawajafika. Wakifika watadhani unapiga kitu kilicho nyuma yao, hasa ukiendelea kutazama huko baada ya kufyatua. Kosa la kawaida ni kuishusha kamera haraka kama mtu aliyeiba. Hapo ndipo wanapogeuka. Ukiulizwa, sema kweli: napiga picha za mtaani, nimependa mwanga ulivyokuangukia. Akikataa, ifute mbele yake na uendelee na safari.

Kupiga kutoka kiunoni bila kutazama hakumalizi woga, kunauficha, na hulipa kwa vichwa vilivyokatwa. Mpiga picha Vivian Maier hutajwa hapa kama utetezi, lakini kamera yake ya Rolleiflex ilikuwa na kioo juu. Alikuwa anatazama chini ndani ya kamera na kuiona fremu yote.

10. Nitembee, au nisubiri mahali pamoja?

Vyote vinafaa, lakini anayeanza kutafuta mtindo hujifunza haraka zaidi kwa kusubiri, kwa sababu mandhari imetulia na kinachobadilika ni kimoja.

Mfano: doa la jua lenye upana wa mita moja ukutani, pembeni yote giza. Simama mita 2.5, funga mwanga kwa ajili ya doa kama ilivyoelezwa kwenye swali la 6, weka fokasi juu yake. Una kama nusu saa, maana jua husogea nyuzi 15 kwa saa na doa jembamba huondoka nalo. Sasa tazama miguu. Mtu anapotembea kuna nukta ambapo miguu imepishana na yeye anaonekana kama nguzo iliyovaa suruali. Na kuna nukta ambapo imepanuka kabisa, kisigino cha mbele kinakaribia kugusa chini. Fyatua kwenye ya pili, ukitangulia kidogo, kwa kuwa kidole na kamera vyote vina ucheleweshaji. Mkono nao uwe umeachana na kiwiliwili ili mwanga upite katikati.

Kati ya wapita njia thelathini, labda watatu wataingia vizuri, na mmoja atafanya kitu ambacho hukukipanga. Huyo ndiye uliyemsubiri.

11. Picha zangu zina watu wengi lakini ni vurugu tu. Kwa nini?

Kwa sababu wanagusana. Katika picha yenye tabaka, kila kichwa kina uwazi wake. Kichwa kimoja kikimeza bega la mwingine, macho hayajui yasome wapi. Jenga kutoka nyuma kuja mbele: kwanza mandhari ya nyuma iliyotulia, kisha mtu wa kati, wa karibu awe wa mwisho kuingia, hata akikatwa na ukingo. Nusu hatua kushoto, au kupiga goti kidogo, hutenganisha watu ambao kwa macho walikuwa wameshikana. Nguzo inayoota kutoka kichwani mwa mtu hutibiwa kwa nusu hatua hiyo hiyo. Tumia f/8 hadi f/11, la sivyo wa nyuma atafifia na tabaka litakufa.

12. Flashi inafaa mchana?

Inafaa ukitaka mtu wa mbele ang'oke kwenye mandhari. Flashi yenye namba ya nguvu 20 (kwa mita, ISO 100), ukiishusha hadi 1/16 ya nguvu yake, na kamera ikiwa ISO 400 na f/8, itamulika vizuri umbali wa kama mita 1.25, kwa 1/8 utafika kama 1.8. Kamera nyingi zikitumia flashi zina kikomo cha kasi cha 1/200 au 1/250. Ukizidisha, ukanda mweusi utaonekana kwenye picha. Usiwamulike madereva, wala wapanda pikipiki, wala mzee anayeshuka ngazi.

## Kuchuja

13. Nina maelfu ya picha. Mtindo wangu nitauona wapi humo?

Sakafuni. Kwenye kioo unaona picha moja moja na kila moja inajitetea. Zikitandazwa pamoja, zinaanza kusutana.

Kwanza ziache zikae, angalau mwezi. Siku ya kupiga bado unakumbuka jua, yule mama aliyecheka, jinsi ulivyothubutu. Unaipenda siku na kudhani unaipenda picha. Mpiga picha Garry Winogrand aliacha mikanda yake ikae mwaka au zaidi kabla ya kuisafisha ili asidanganywe na siku hiyo. (Usifike alikofika: alipofariki mwaka 1984 aliacha mikanda ipatayo 2,500 ambayo haijasafishwa.)

Pita mara ya kwanza kwa kasi, sekunde moja kwa picha, ndiyo au hapana. Rudia kesho yake kwa zilizobaki, hadi ufike 60. Zichapishe ndogo, sentimita 10 kwa 15, karatasi ya bei yoyote. Tandaza. Sasa zigawe kwa mafungu, lakini usitumie mada kama “wazee” au “baiskeli”. Gawa kwa kile jicho lilichokuwa likifanya: hapa nilikata watu kwenye ukingo, hapa mikono inashika kitu, hapa nusu ya fremu haina kitu, hapa watu wawili wasiojuana wamefanana. Kila fungu liandikie sentensi moja yenye kitendo.

Lile fungu kubwa ambalo hukulipanga ndilo lenye habari. Mara nyingi mwenyewe huliona la kawaida mno, na huanza kuliondoa ili abakize zile picha mbili za kuvutia zilizofanana na za watu maarufu. Fanya kinyume chake. Ziondoe hizo mbili, halafu mizunguko sita ijayo utafute fungu kubwa peke yake. Baada ya miezi mitatu tandaza upya.

Mwite pia mtu asiyepiga picha. Usimuulize anayoipenda, mwambie aondoe kumi. Anakosita ndiko kwa kuangalia.

14. Ninunue mipangilio tayari ya rangi?

Subiri hadi fungu la swali la 13 lijulikane, kisha tengeneza wako mmoja, wenye marekebisho yasiyozidi matano. Ujaribu kwenye picha 30 za mwanga tofauti: jua kali, mawingu, taa za usiku. Ukiona ngozi za watu zimegeuka chungwa au majivu, umezidisha. Matangazo ya mipangilio ya kununua hutumia picha zenye mwanga uliochaguliwa ili uifae; mtaa wako haukuchaguliwa.

15. Kukata picha ni kosa?

Hapana. Lakini ukigundua unakata theluthi ya kila picha, lenzi yako ni pana kuliko jicho lako, au bado unaogopa (swali la 9).

## Mambo ya pembeni

16. Mtandaoni watu hupenda picha ambazo mimi sizipendi. Nifuate ipi?

Picha ikitazamwa kwenye simu kwa sekunde moja, inayoshinda ni yenye umbo moja kubwa na rangi moja kali: mtu mwenye mwavuli mwekundu. Picha ya tabaka huhitaji muda na huko haiupati. Ukizifuata pongezi kwa mwaka mmoja utakuwa na miavuli mingi. Pandisha unachotaka, lakini kuchuja fanya kabla ya kupandisha, na orodha yako isibadilishwe na hesabu ya pongezi.

17. Mtindo ninao, lakini sasa umenishika. Kila picha ni ile ile.

Badilisha kimoja tu, vingine vibaki. Kama ulikuwa mtu wa 28 mchana, chukua 28 usiku. Kama ulipiga ukiwa umesimama, piga umechuchumaa kwa mwezi. Ukibadilisha lenzi, saa na rangi kwa pamoja, hutajua kipi kilikufungua.

18. Nikisafiri picha zangu hubadilika kabisa. Ni tatizo?

Rangi na nguo zitabadilika, hilo halina dawa. Angalia umbali. Wengi wakifika ugenini hurudi nyuma mita tano na kuanza kupiga mandhari yenye watu wadogo, kwa kuwa kila kitu ni kipya na wanataka kukibeba chote. Siku mbili za kwanza piga upendavyo, ya tatu rudi kwenye umbali wako wa swali la 7.

19. Nikimpiga mtu bila ruhusa kisha nikaionyesha picha, sheria inasemaje?

Hutofautiana sana, na kupiga na kuchapisha ni mambo mawili. Mwaka 2006 mahakama ya New York ilitupilia mbali kesi dhidi ya Philip-Lorca diCorcia, aliyempiga mpita njia bila yeye kujua na kuionyesha picha kama sanaa. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi iliyotoka Quebec, ilimpa haki msichana aliyepigwa akiwa ameketi kwenye ngazi za jengo na picha yake kuchapishwa kwenye jarida bila ridhaa yake. Soma sheria ya mahali ulipo kabla ya kuchapisha, na matumizi ya tangazo la biashara yatafutie ruhusa ya maandishi popote pale.

Nje ya sheria kuna uamuzi wako, nao huonekana kwenye kazi. Wanaolala barabarani, walevi, anayelia: ni rahisi kuwapiga kwa sababu hawawezi kukuzuia. Kwa watoto, mtafute mzazi au mlezi kwa macho kwanza. Akitikisa kichwa, acha. Na mtu akikuandikia baada ya miaka mitatu akiomba picha yake iondolewe, mjibu siku hiyo hiyo, iondoe kila ulipoipandisha, na andika kwenye faili la asili kwamba haitoki tena, ili usije ukaipandisha upya kwa kusahau.